Skrini ya Kumtazamia Mama

3 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kile kifua kilichokusumbua kimepoa. Sisi huku wazima, yaani mimi na kuta. Kaka yangu yuko barabarani na lori lake. Anapita nyumbani mara moja kwa miezi miwili, anakula, analala kutwa, anaondoka. Paka wa Mama amehamia kwa jirani. Sikumlaumu, huko kuna watu wa kumsemesha.

Nimekupigia simu mpaka nimechoka. Inaita, inaita, inakata. Basi nikasema acha niandike, barua haikati.

Jambo lenyewe ni hili. Chumba cha Mama cha kushonea nimekigeuza studio. Narekodi sauti za matangazo, nahariri video za harusi na mahafali. Vitambaa vyake vilivyobaki nimevipigilia ukutani ili vinywe mwangwi, na vinakunywa vizuri kweli, ukikohoa humo unajisikia kama uko ndani ya godoro. Tatizo ni skrini. Ninayotumia ilitupwa na ofisi moja, upande wa kushoto imeingia umanjano kama meno ya mvuta sigara. Nataka kununua nyingine, na katika ukoo huu anayeshinda na skrini kutwa ni wewe peke yako. Nichukue ipi? Moja kubwa au mbili ndogo? Inayometameta au iliyofifia?

Na nina haraka, Mjomba, kwa sababu moja. Mama alikurekodia ujumbe. Dakika kumi na moja, wiki tatu kabla hajatutoka, amekaa palepale kwenye cherehani na gauni lake la damu ya mzee. Alipomaliza akaniambia, kwa lile jina alilokuita yeye, "Mtumie Mkia. Lakini nitengeneze rangi kwanza, asinione mgonjwa." Nikamwahidi. Sasa ni mwaka na miezi minne. Nikimtazama kwenye skrini hii sijui umanjano ni wa kioo au ni wake.

Nijibu upesi.

Mpwa wako,
Chiriku (ingawa siku hizi hata Chiriku hana wa kumpigia kelele)


1 Machi

Chiriku, mama,

Marahaba. Kifua kimepoa, asante. Huku kazi ni ileile. Ghala refu, meza nyingi, na skrini zilizorudishwa na wateja zinakuja mbele yangu moja moja. Naziwasha, natazama nyekundu tupu, kijani tupu, bluu tupu, nyeupe, nyeusi, kisha naandika nzima au mbovu. Mzee wa meza ya pili, aliyekuwa akinibishia kila kitu, amestaafu, na hawakuleta mwingine. Siku hizi nasema "mbovu" kwa sauti na hakuna wa kuniambia nimekosea.

Haya, skrini. Usichague kwa macho dukani. Dukani wanazifungulia mwanga mpaka mwisho, zote zinapiga kelele, na anayepiga kelele zaidi ndiye anayenunuliwa. Wewe chukua ya inchi ishirini na saba, kioo kisichorudisha sura. Ukikaa mbele ya kioo kinachometameta utajikuta unajihariri mwenyewe. Isogelee kwa ubavu, kushoto na kulia. Rangi ikibadilika, iache hapohapo. Na hili wauzaji hawalijui: iwashe, kisha weka sikio nyuma yake. Kuna skrini zinazolia, mlio mwembamba kama wa mbu. Wewe unarekodi sauti chumba hichohicho, maiki yako itamnasa huyo mbu kila siku.

Ukiifikisha nyumbani, isikae ikilielekea dirisha. Iache iwake nusu saa kabla hujagusa rangi. Kipo kidude cha kupimia rangi, kinang'ang'ania juu ya kioo kama konokono. Kitafute. Ukikikosa, tafuta kitu ambacho rangi yake unaijua bila shaka, ukiweke karibu na skrini, ukifuate hicho.

Moja inatosha kwa kuanzia. Msalimie kaka yako, mwambie asiendeshe na usingizi.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Kaka alipita, nikampa salamu, akasema yeye na usingizi walishaachana.

Nimenunua! Ungeniona dukani, nimeinama nyuma ya skrini na sikio limebanwa kwenye plastiki, muuzaji ananitazama kama mtu aliyepungukiwa. Akaniuliza, "Dada, unasikiliza nini?" Nikamwambia nasikiliza mbu. Ya kwanza ililia. Ya pili ililia. Ya tatu kimya, kama mjomba fulani ninayemfahamu. Ndiyo hiyo niliyobeba.

Kile kidude cha konokono nimekikosa. Lakini nimefuata neno lako la mwisho. Kitu ambacho rangi yake naijua bila shaka ni gauni la Mama. Kipande cha kitambaa hichohicho kipo ukutani, kando kabisa ya skrini, tangu siku nilipohamia chumba hiki. Basi nikamfungua Mama, nikasimamisha picha, nikaanza kurekebisha rangi mpaka gauni la kwenye kioo likafanana na kitambaa cha ukutani. Sawasawa kabisa. Nikarudi nyuma kumwangalia uso.

Mjomba, alikuwa kijivu. Alionekana mgonjwa kuliko siku ile yenyewe. Nilizima nikaenda kukaa jikoni.

Nimekosea wapi? Na nikuulize jingine. Nilikwambia kuna ujumbe wako. Umenijibu habari za dirisha, za mbu, za konokono. Za ujumbe hukusema hata nusu neno. Hukuusoma mstari ule, au uliusoma?

Chiriku


30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sina habari mpya za nyumbani.

Ni miezi miwili na zaidi tangu nikuandikie. Najua barua ilifika, kwa sababu nyingine niliyokosea anwani ilirudi na hii haikurudi. Kila mwisho wa mwezi namfungua Mama tena, nalinganisha gauni na kitambaa, napunguza kidogo hapa, kidogo pale, na kadiri ninavyomrekebisha ndivyo anavyozidi kuugua. Jana nilimrekebisha mpaka nikamwona kama siku yake ya mwisho kabisa. Na harusi ninazohariri nazo zimeanza kulalamikiwa. Baba wa bwana harusi mmoja ameniambia, "Binti, umetutoa wote kama tumetoka kuzika."

Naanza kuichukia skrini uliyonichagulia. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Mpwa wako


22 Juni

Mama,

Marahaba. Usinichukie, ichukie skrini tu, yenyewe haina moyo.

Nilikawia kwa sababu ya kazi. Msimu huu wateja wanarudisha sana. Halafu nilihama chumba. Hiki cha sasa kiko chini ya ngazi, wapangaji wa juu wanapita kichwani kwangu asubuhi, na hadi saa mbili nimeshawajua wote kwa viatu, ingawa uso sijamwona hata mmoja. Maji ya moto yapo. Siwezi kulalamika.

Kuhusu tatizo lako, nimelifikiria. Nadhani unahitaji skrini ya pili. Moja iwe ya kazi, yenye vifungo vyako vyote na mistari ya sauti, nyingine iwe ya picha tupu, isiguswe na kitu kingine. Jicho likichanganyiwa mambo linachoka, na jicho lililochoka linaona kijivu. Ya pili iwe ndugu ya ile ya kwanza, umri mmoja, aina moja, la sivyo zitagombana. Usiinunue mwezi huu. Subiri, mwishoni mwa mwaka hutoka mpya. Labda hata mwakani. Kazi ya rangi haitaki papara.

Na ukuta ulio nyuma ya skrini upakwe kijivu cha wastani.

Mjomba wako


14 Julai

Mjomba,

Shikamoo, na leo sitakuuliza hali, kwa sababu hutaniambia.

Mwakani? Ala! Mtu wa dakika kumi na moja asubiri mpaka mwakani, na rangi ya ukuta juu yake? Unanipiga chenga, Mjomba. Nimekaa na barua zako zote mezani nimezipanga, na nimeona unachofanya. Skrini ikipatikana, unataka ya pili. Ya pili ikipatikana utataka ukuta. Ukuta ukikauka utasema nibadilishe balbu. Hutaki nimalize. Nikimaliza itabidi utazame.

Haya, nimesema. Sasa nami niseme la kwangu, maana si haki nikuvue nguo peke yako. Mimi pia sikutaka kumaliza. Nikimaliza nitaituma, na nikiituma, Mama atakuwa hana tena kazi na mimi. Sasa hivi kila mwisho wa mwezi tunaonana. Nafunga mlango, nafungua dirisha maana chumba kinakuwa tanuri, nakaa na jua la jioni mgongoni, naye yuko pale anatia uzi kwenye sindano kabla hajaanza kusema. Anakosa tundu mara mbili. Mara ya tatu anapata na kucheka. Kicheko kile nakijua mpaka pumzi yake. Nyumba hii ina vyumba vinne, Mjomba, na hicho ndicho kitu pekee kinachocheka humu.

Lakini niliahidi. Na sasa namtazama anakuwa majivu mikononi mwangu, mimi niliyeambiwa asionekane mgonjwa. Siwezi kumtuma hivi, wala siwezi kumwacha hivi. Kama kuna kitu unachokijua, niambie. Kama huutaki ujumbe, niambie pia, kwa maneno yako, nami nitaacha kukuandikia.

Mtoto wa dada yako


9 Agosti

Chiriku, mama,

Marahaba. Soma barua hii polepole, na usitupe bahasha kabla hujaikung'uta.

Umesema unakaa na jua la jioni mgongoni. Basi jua hilo linapiga ukuta wa mbele yako. Kitambaa umekitundika huko tangu lini? Umeniambia mwenyewe: tangu ulipohamia chumba hicho. Mwaka na zaidi kinaota jua kila jioni. Kitambaa hicho kimepauka, mama. Umekuwa ukimvuta dada yangu afuate kitambaa kilichochujuka. Kila mwezi kinapauka, nawe unamtoa damu kidogo zaidi usoni ili alingane nacho. Skrini haina kosa. Kosa ni langu, niliyekwambia utafute kitu unachokijua na nisikuulize ni kitu gani. Miaka ishirini na mbili natazama rangi, na swali moja la mtoto mdogo sikuliuliza. Nilikuwa na haraka ya kuimaliza barua.

Kung'uta bahasha. Hicho ni kitambaa hichohicho, hakijawahi kuona jua. Dada alinishonea shati la masalio ya gauni lake, akalituma na karatasi: "Uje nalo." Nililiweka sandukuni, chini kabisa, jinsi lilivyokunjwa. Sikulivaa kwa sababu sikuja. Nimekata mfuko wa kifuani. Ninajua alivyokuwa mkali kwa mtu anayekata nguo nzima, lakini naona hili angeliruhusu.

Na simu. Ulilalamika kwamba sipokei, nitajibu, halafu tusilirudie. Mara ya mwisho alinipigia nikiwa mezani kazini. Nikapokea, akasema, "Mkia, una nafasi?" Nikamwambia nina skrini tisa mbele yangu, nitampigia baadaye. Akasema, "Haya." Sikupiga jioni ile, nilichoka. Keshoye nikasema kesho. Siku ya tatu kaka yako ndiye aliyepiga.

Kisha, wiki moja baada ya mazishi, ukapiga wewe. Nilipokea, labda hukujua, kwa sababu nilikata papo hapo. Ulisema "haloo" tu. Mama, una sauti yake. Si kwamba mnafanana, ni ileile, mpaka namna ya kuvuta ile "o" ya mwisho. Nilikaa chini sakafuni. Tangu siku ile simu ikiita na nikaona ni wewe, naigeuza kifudifudi.

Si kwamba siutaki ujumbe. Nauogopa. Nadhani ameniuliza tena kama nina nafasi.

Mjomba wako


2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Kula vizuri. Nunua viatu vizito, uwatishe na wewe hao wa juu.

Nilikung'uta bahasha, mfuko ukaanguka juu ya meza, nikapiga kelele peke yangu chumbani. Nikauweka kando ya kile kitambaa cha ukutani. Loo! Huo wako ni damu ya mzee hasa, na hiki changu ni tofali lililonyeshewa. Na nilikuwa naapa kwamba rangi hiyo naijua bila shaka! Nimekaa naye chumba kimoja mwaka mzima nisimwone akififia.

Nilifunga dirisha. Nikawasha skrini, nikaiacha nusu saa kama ulivyosema. Nikafuta masahihisho yangu yote ya miezi yote, nikaanza upya na mfuko wako. Haikuchukua hata dakika ishirini. Gauni likarudi. Halafu uso ukafuata wenyewe, Mjomba, sikuugusa. Amekonda, ndiyo, hilo siwezi kulificha na hakuniomba nilifiche. Ila ni yeye. Ana damu mashavuni. Anakosa tundu la sindano mara mbili kama mtu anayekosa tundu la sindano tu, basi. Nililia mpaka nikaosha uso mara mbili, kisha nikaihifadhi nakala ya mwisho kwenye memori kadi kabla sijabadili mawazo.

Wale wa harusi nimewarudishia zao bure, zimesahihishwa. Yule baba amesema sasa wanaonekana wamekula.

Memori kadi ipo ndani ya mfuko wako, nimeufunga na uzi wa Mama. Sikuambii amesema nini. Nitakwambia kitu kimoja tu: hakuulizi kama una nafasi.

Usipotazama, ukae nayo hivyohivyo. Mimi ahadi yangu nimeimaliza. Leo nimeamka na sina kazi naye, na chumba kimekuwa kikubwa.

Chiriku


11 Oktoba

Mama,

Marahaba. Kadi ilifika. Nilitembea nayo mfukoni siku kumi na moja.

Juzi saa ya chakula wenzangu walitoka kama kawaida yao, wanakaa pamoja huko nje. Nikabaki. Mezani kulikuwa na skrini niliyokuwa nimeiandika nzima muda mfupi kabla. Nikaichomeka kadi. Sauti niliizima. Usinicheke.

Mpwa wangu, nimezitazama skrini zaidi ya watu, na nakwambia kama fundi: umefanya kazi safi. Alitia uzi. Alicheka, nikakiona kicheko bila kukisikia. Akasema maneno mengi akinitazama, halafu akashika mabega yake mwenyewe, bega hili na bega hili, akashuka mpaka kifundo cha mkono na kukipima kwa vidole viwili. Hapo nilijua. Ananiuliza kama shati limenikaa. Dada yangu yuko hali ile, na wasiwasi wake ni mikono isije ikawa mifupi.

Msimamizi alinikuta. Akauliza, "Hiyo vipi, mbovu?" Nikasema nzima. Ndilo neno pekee nililosema siku ile nzima.

Ya sauti bado siwezi. Lakini nimefikiri. Kama siwezi kuisikia yake kwenye kadi, labda nianze na ile iliyo hai. Jumapili ya tarehe ishirini na tano sifanyi kazi. Nipigie saa kumi jioni. Nitapokea. Simaanishi nitaongea. Wewe ni Chiriku, piga soga zako, mimi nitakuwepo.

Mjomba wako


27 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Naandika ingawa juzi tulikuwa kwenye simu, kwa sababu kuna mambo hayakuweza kusemwa na mtu mmoja anayeongea peke yake nusu saa nzima.

Iliita mara tisa. Nilikuwa nimeshasema moyoni, basi, ameigeuza kifudifudi. Ya kumi ukapokea. Sikusema haloo, nilikumbuka. Nilianza tu na habari za paka, kwamba amerudi, amenenepa kwa jirani na sasa anadai samaki. Nikakueleza habari za kaka, za bibi harusi aliyetaka nimpunguze shavu moja. Nikakusomea hata maandishi ya nyuma ya boksi la skrini, nilipoishiwa. Nilikuwa nasikia unavyopumua, na viatu vya watu juu ya kichwa chako. Kweli wanakanyaga! Nilikuwa sijui kama hulii au unalia kimya kimya, nikaona nisiulize.

Halafu niliposema, "Haya, Mjomba, nikuache," ndipo ukasema neno lako moja.

Ukasema, "Dada."

Najua hukukusudia. Nilisikia ulivyoshtuka mwenyewe. Nami ningeweza kukwambia ni mimi, ni mtoto wake, lakini sikukurekebisha. Niliitika. Nikasema, "Nipo, Mkia," kama alivyokuwa akikuitikia yeye, na tukakaa hivyo mpaka salio likaisha.

Jumapili ya tarehe kumi na tano Novemba nitapiga tena, saa kumi. Kabla ya hapo fungua sanduku ulitoe lile shati, ulivae, uniambie mikono imefika wapi. Livae hivyohivyo, bila mfuko.

Chiriku